Kompyuta ya Mwalimu ilizima usiku tu: uchambuzi wa kisa kimoja cha Uyole

Daftari lilikuwa la mistari mipana, lile la shule ya msingi, na juu ya jalada Mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: KOMPYUTA. Alinikabidhi pamoja na kasha la mashine na waya wake, akasema fundi aliyepita alilirudisha bila hata kulifungua. Nikamwambia nitalisoma. Sikulisoma. Nililiweka juu ya kabati, nikashika bisibisi, na uvivu huo ukanigharimu karibu wiki nzima.

Mwalimu ni mstaafu, anakaa Uyole, hapa Mbeya, si mbali na njia panda ya kwenda Tukuyu. Mashine yenyewe ni ya mezani, ya kuungaunga: prosesa ya Intel Core i5 kizazi cha tatu, RAM gigabaiti 8, Windows 10, haina kadi ya picha ya pembeni, picha zinatolewa na prosesa yenyewe. Aliinunua kwa ajili ya mjukuu wake anayesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), ambaye mwezi huo wa sita alikuwa likizo, akisubiri kurudi kuanza kidato cha sita. Malalamiko yalikuwa haya: ukiandika Word siku nzima hakuna neno. Ukifungua masomo ya video YouTube, dakika tano, kumi, paa! Inazima, inajiwasha yenyewe, inaanza upya kama vile hakuna kilichotokea.

Fundi wa kwanza alikuwa amepiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, mara mbili. Ya kwanza kwa sababu ya virusi, ya pili kwa sababu ya kwanza haikusaidia. Mara ya tatu alisema madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa, itafutwe nyingine. Hapo ndipo Mwalimu akasema basi, akatafuta fundi mwingine, akanipata mimi Kabwe.

Nilivyokosea

Nilifungua kasha nikakuta nilichotarajia. Anayeijua Mbeya kiangazi anajua vumbi letu lilivyo, lile jekundu linaloingia hadi kwenye sukari iliyofunikwa. Feni ya prosesa ilikuwa imevaa blanketi. Kati ya feni na bamba la kupozea palikuwa na zulia la vumbi na nywele za paka. Nikajisemea, kwisha habari, hili ni joto.

Na kwa kweli hoja ya joto ilikuwa na mantiki. Video inachosha prosesa, prosesa ikichoka inapata moto, feni imezibwa, mashine inajikinga kwa kuzima. Ukiongeza kwamba mji wetu uko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar es Salaam, feni ileile ikizunguka kasi ileile inasukuma hewa pungufu. Nilimweleza Mwalimu yote haya kwa sauti ya mtu anayejua. Yeye akauliza swali moja tu: "Lakini mwanangu, mwezi wa sita huu, usiku, Uyole, joto linatoka wapi?"

Nilicheka. Nilipaswa kunyamaza nikafikiri. Usiku wa mwezi wa sita Uyole watu wanalala na masweta, na chumba cha kusomea kilikuwa na baridi ya kushika vidole. Kama kuna saa ambazo mashine ingepaswa kuzidiwa na joto, ni mchana.

Kuna jambo jingine lilipaswa kunishtua. Prosesa za aina hii zinapopata moto sana hazikurupuki. Kwanza zinajipunguza kasi, video inaanza kukwama na kukatakata. Moto ukizidi hata baada ya hapo, mashine inazimwa kabisa na inabaki imezima hadi mtu abonyeze kitufe. Kuzima na kujiwasha upya papo hapo, bila kukwama kwanza, ni tabia ya ugonjwa mwingine. Mafundi wengi tunaviita vyote "inajizima", tukishaviita jina moja tunavitibu kwa dawa moja.

Basi nikapuliza vumbi kwa blowa, nikafuta pesti kuukuu ya kupitisha joto la prosesa iliyokuwa imekauka kama udongo, nikapaka mpya, nikafunga. Nikaweka programu ya kusoma nyuzi joto, nikafungulia filamu. Nyuzi 58 hadi 62, haikuvuka hapo. Filamu ya kwanza ikaisha, nikaweka ya pili. Siku mbili mashine ilicheza filamu pale dukani, wateja wakasimama kuangalia, haikuzima hata mara moja. Nikampigia Mwalimu aje achukue. Nikapokea hela yangu ya usafi na pesti.

Saa 1 na nusu usiku huohuo simu ikalia. "Fundi, imerudia."

Nikasema nini? Nikasema nitakuja kesho, na kulala nikalala vibaya.

Daftari mbili

Kesho yake nilibeba vitu vichache: testa ya kupimia umeme, flashi yenye programu zangu, na lile daftari, ambalo kwa mara ya kwanza nililifungua ndani ya daladala ya Uyole. Mwalimu alikuwa ameandika kila tukio kwa mstari wake: tarehe, saa, nani alikuwa anaitumia, alikuwa anafanya nini. Matukio 11. Kumi yalikuwa kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku. Moja tu lilikuwa asubuhi, Jumapili, saa 2 na robo. Kwenye safu ya mwisho aliandika "video" mara 10, na mara moja "alikuwa anakunja faili kubwa", yaani kijana alikuwa anabana mafaili yawe zip.

Soma tena hiyo ya mwisho. Mara moja ilizima bila video yoyote.

"Shikamoo Mwalimu," nilisema mlangoni, na nikaomba radhi kabla sijakaa.

"Marahaba. Umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Haya. Tuanze upya."

Windows nayo inaandika daftari lake, linaitwa Event Viewer, na hapo ndipo nilipoingia kwanza. Kila tukio la Mwalimu lilikuwemo, ila la Windows limeandikwa kizungu: yeye ameandika saa 1:12 usiku, Windows imeandika 19:12. Toa saa sita, zinafuatana kama pacha. Kijana alifurahi sana kugundua hilo, akawa ananisomea moja moja.

Alama iliyojirudia ilikuwa Kernel-Power, nambari 41. Hapa nisimame kidogo, maana nambari hii imewauzia watu pawa saplai (lile boksi la ndani linaloigawia mashine umeme) nyingi bila sababu. Wanaona neno "Power" wanadhani Windows imegundua ubovu wa umeme. Haijagundua chochote. Nambari 41 inaandikwa mashine inapowaka tena na kukuta kwamba mara ya mwisho haikufungwa vizuri, basi. Ukichomoa waya ukutani utaipata. Draiva, yaani programu inayoendesha kifaa kimoja cha mashine, ikianguka utaipata. Chenye maana kiko ndani, kwenye maelezo yake, mstari wa BugcheckCode. Kama Windows yenyewe ndiyo iliyoanguka, yaani ile skrini ya bluu, mstari huo unabeba namba. Draiva ya picha iliyogoma, kwa mfano, ni 0x116, na hapo utaiona kama 278 kwa sababu Event Viewer inaandika kwa hesabu ya kawaida. Sisi tulikuta 0. Zote 11, sifuri.

Sifuri maana yake Windows haikuwahi hata kujua inakufa. Haikupata muda wa kuandika wosia. Ili kujiridhisha niliondoa alama ya tiki kwenye mpangilio wa kujiwasha yenyewe baada ya kuanguka, ambao Windows huja nao ukiwa umewashwa, ili kama ni skrini ya bluu ibaki pale tuione. Tulicheza video, ikazima, ikawaka, hakuna bluu yoyote. Folda ya Minidump, ambako Windows huacha rekodi ya kuanguka kwake, ilikuwa tupu. Kwa hiyo draiva zikatoka kwenye orodha, na Windows iliyopigwa mara mbili ikawa imepigwa bure.

RAM niliipima usiku huohuo kwa MemTest86, ambayo inawaka kutoka kwenye flashi bila kuhitaji Windows. Niliiacha ikizunguka hadi asubuhi. Safi.

Jambo jingine dogo nililofanya ni kuingia kwenye mipangilio ya madabodi na kuiambia kwamba umeme ukikatika na kurudi, mashine ibaki imezima. Kabla ya hapo ilikuwa imewekwa ijiwashe. Jioni iliyofuata ilizima kwenye video na ikajiwasha vilevile. Hapo nikajua umeme haukatiki kabisa kwenye soketi. Hata taa ya chumbani haikupepesa. Kitu kilikuwa kinaanguka ndani ya kasha, kwa muda mfupi sana, kisha kinasimama.

Bando langu lilivyonidanganya

Swali lililobaki ni lile ambalo mtu yeyote angeuliza: mbona dukani ilicheza filamu siku mbili?

Jibu la kwanza ni aibu yangu. Dukani sikucheza YouTube. Nilicheza filamu za kwenye flashi, kwa sababu kucheza YouTube siku mbili ni bando, na bando ni langu, si la mteja. Kwa macho ya mtu ni kitu kilekile, picha zinatembea na sauti inatoka. Kwa prosesa ni kazi mbili tofauti kabisa.

Video haihifadhiwi kama ilivyo, ingejaza diski kwa dakika chache. Inabanwa kwa kanuni fulani, kodeki, na mashine inayocheza lazima ifumue ule mbano kwa kasi ya kutosha. Filamu nyingi za flashi zimebanwa kwa H.264, kodeki iliyopitishwa mwaka 2003. Prosesa ya Mwalimu, ya kizazi kilichotoka 2012, ina kipande maalumu ndani yake kilichotengenezwa kufumua H.264. Kipande hicho kinafanya kazi kimya kimya, na prosesa yenyewe imekaa miguu juu. Nilipima: asilimia 7.

YouTube mara nyingi inatuma VP9, kodeki ya Google ambayo ilikamilishwa mwaka 2013. Prosesa ya 2012 haikuweza kujua kodeki ambayo haijazaliwa, kwa hiyo hakuna kipande cha kuifumua. Kazi yote inaangukia prosesa kuu, viini vyote vinne, kama mtu anayepuria maharage kwa mkono wakati mashine imesimama pembeni haina kipuri. Ukibofya kulia juu ya video ya YouTube na kuchagua takwimu za wajuzi, utaona jina la kodeki pale. Tuliona vp09. Mzigo wa prosesa, kwenye video ya 1080p ya fremu 60, ulipanda hadi karibu asilimia 70.

Tukafanya majaribio mawili jioni ile, na kwangu haya ndiyo moyo wa kisa chote.

La kwanza: filamu ya H.264 kutoka flashi, saa 1 usiku, pale pale Uyole. Ikaisha salama, saa nzima na dakika arobaini. Video, usiku, nyumbani, haikuzima.

La pili: hakuna video kabisa. Kivinjari kimefungwa, nimewasha Prime95, programu inayoitwisha prosesa hesabu ngumu hadi ihemee. Haikumaliza dakika moja. Paa.

Kijana akaniangalia. "Kwa hiyo kaka, si video?"

Si video. Video ilikuwa tu ndiyo kazi nzito pekee ambayo nyumba ile iliifanya kwenye mashine ile. Kubana mafaili yawe zip ni kazi nzito pia, na Mwalimu alikuwa ameshaandika hilo kwenye daftari lake wiki mbili kabla sijafika. Kilichokuwa kinaiangusha ni uzito.

Umeme wa jioni

Lakini Prime95 niliiwasha pia saa 5 asubuhi, na ikakimbia nusu saa bila tatizo. Kwa hiyo uzito peke yake hautoshi. Uzito na jioni. Nikachomeka testa kwenye soketi ya ukutani.

Saa 5 asubuhi: volti 224. Saa 1 usiku: volti 181. Nyumba ya Mwalimu iko karibu na mwisho wa laini, na kila anayekaa kwenye maeneo kama hayo anajua: jioni watu wakirudi, taa zinakuwa za njano, friji inanguruma bila kuganda. Jumapili asubuhi nayo ilijieleza yenyewe. Saa 2 na robo ni kabla ya ibada, mtaa mzima unapiga pasi.

Kompyuta haikuwa imechomekwa ukutani. Ilikuwa kwenye ekstensheni, na kwenye ekstensheni hiyohiyo palikuwa na monita, spika, na jagi la umeme la chai. Nilipima tundu la mwisho la ekstensheni jagi likiwa linachemsha: volti 176. Tano zilikuwa zinapotea njiani. Nikaigusa, ilikuwa na moto upande mmoja, na nilipoinusa nikapata ile harufu ya plastiki iliyoungua kidogo. Vipande vya shaba ndani vilikuwa vimelegea. Hiyo niliichomoa palepale kabla ya mambo mengine yote, maana kompyuta ni kompyuta, nyumba ikiungua ni habari nyingine.

Sasa, volti 176 ni chache, ila si kila mashine ingejali. Pawa saplai zilizoandikwa 100–240 hazijali kabisa, zinajirekebisha zenyewe. Ya Mwalimu haikuwa ya aina hiyo. Nyuma ilikuwa na kile kiswichi chekundu cha 115 na 230, ambacho humaanisha kwamba umeme unaoingia haujisawazishi, unategemea kile kilichopo ukutani. (Kama mashine yako ina kiswichi hicho, usikisogeze kwenda 115 hapa kwetu hata kwa utani. Italipuka, na mlio wake utaukumbuka.) Lebo ilidai wati 500. Nilipoichomoa na kuipima mkononi ilikuwa nyepesi kama mkate. Si kipimo cha kisayansi, lakini shaba na bamba za kupozea zina uzito, na pawa saplai ya kweli ya wati 500 huisikia mkononi.

Nilimwelezea kijana hivi, maana yeye ni wa PCM na nilitaka akamilishe hesabu. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita kubwa inayohifadhi nishati kidogo ya kuvukia yale mapengo madogo ya umeme. Nishati ya kapasita ni nini?

"Nusu C, V mraba."

Haya, kutoka volti 230 hadi 176, imebaki ngapi?

Akaandika nyuma ya daftari la bibi yake. 176 gawanya kwa 230, mraba. "Sifuri nukta tano tisa, karibu." Yaani asilimia 59. Akiba ya kuvukia imepungua kwa zaidi ya theluthi moja kabla hata kapasita haijazeeka, na kapasita hii ilikuwa imezeeka.

Kinachotokea baada ya hapo ni rahisi. Prosesa inaomba umeme mwingi ghafla, pawa saplai inashindwa kuushika mstari wa volti 12, mstari unashuka. Pawa saplai ina waya mmoja wa kijivu unaoiambia madabodi "umeme uko sawa, endelea". Volti zikishuka kupita kiasi, waya huo unaondoa neno lake, na madabodi inafanya kile ilichofundishwa: inasimamisha kila kitu na kuanza upya. Windows haijui. Hakuna skrini ya bluu, hakuna Minidump, BugcheckCode sifuri.

Kanuni ya ATX, kiwango kinachofuatwa na pawa saplai za mezani, inaruhusu mstari wa 12 kuyumba kwa asilimia 5 tu, yaani usishuke chini ya 11.4. Nilichomeka ncha za testa kwenye waya wa njano na mweusi wa plagi moja iliyokuwa haitumiki. Bila mzigo, 11.9. Na Prime95 jioni, ilishuka: 11.5, 11.4, 11.2, paa. Nakiri testa ya kawaida ni nzito kushika mishtuko ya haraka, inaonyesha wastani tu, kwa hiyo chini kabisa ilifika wapi sikuona. Ila 11.2 ilinitosha.

Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati

Hapa ndipo kishawishi kilipo. Una ekstensheni mbovu, una pawa saplai dhaifu, una umeme mdogo wa jioni na kodeki nzito. Fundi mwenye haraka anabadilisha vyote, mashine inapona, na hajui kilichomponya mgonjwa. Nilikuwa nimeshaaibika mara moja kwa mama huyu, nikaamua kwenda polepole.

Jioni ya kwanza: pawa saplai yake ileile, ila imechomekwa moja kwa moja ukutani, jagi likiwa limezimwa. Video ilidumu dakika 40 badala ya 10, kisha ikaanguka. Kwa hiyo ekstensheni ilikuwa na hatia, lakini si peke yake.

Jioni ya pili: nilibeba pawa saplai ya dukani kwangu, ya 100–240, niliyoitoa kwenye mashine ya ofisi. Kwa kusudi kabisa nilitaka kuitesa, basi nikairudisha ekstensheni mbovu kwa muda, nikiwa nimekaa pembeni yake na mkono kwenye plagi, jagi likichemka, YouTube ya 1080p ikitembea, na Mwalimu akiniuliza kama ninataka chai ya nne. Prime95 saa nzima. Mstari wa 12 haukushuka chini ya 11.9. Haikuzima.

Hapo niliiamini. Pawa saplai.

Ile ya zamani niliiacha siku nzima bila kuchomekwa kabla ya kuifungua, na nasisitiza hili kwa vijana: kapasita kubwa ya mle ndani inashika volti zaidi ya 300 na haikusamehi kwa sababu umechomoa waya. Ndani nilikuta kapasita tatu za upande wa kutolea zimevimba vichwa, moja imetoa ute wa kahawia. Kapasita za aina hii zinakufa kwa joto na umri, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata maisha yake karibu nusu. Vumbi nililolisafisha siku ya kwanza lilikuwa limeziba feni ya pawa saplai pia. Kwa hiyo joto lilikuwa na mkono wake kwenye kisa hiki, ila lilifanya kazi yake miaka iliyopita, mchana baada ya mchana, mahali ambapo programu yangu ya nyuzi joto haikuwa inaangalia.

Wakati tunatafuta pawa saplai ya kununua, kijana alihitaji kusoma. Nilimwekea kwenye kivinjari kiongezi kinachoitwa h264ify, ambacho kinailazimisha YouTube kutuma H.264. Mzigo wa prosesa ukashuka toka 70 hadi chini ya 15. Siku zile tatu ilizima mara moja tu. Kwa mwenye prosesa ya zamani huo ni ushauri mzuri hata kama mashine yake haina ugonjwa, feni itamshukuru. Ila ningekuwa nimeanzia hapo, ningemwambia Mwalimu imepona, na ugonjwa ungerudi siku kijana anabana mafaili.

Jirani alikuwa ameshamshauri Mwalimu anunue stebilaiza kama ile ya friji. Nilimkataza, na sikumkataza kwa sababu siuzi stebilaiza. Zile za bei ndogo zinabadilisha hatua kwa rilei, yaani swichi zinazojigeuza zenyewe, utasikia tik, tik, na kila tik ni pengo dogo la umeme. Friji haina habari na pengo hilo. Pawa saplai yenye kapasita zilizovimba ndiyo hasa inayoanguka kwenye mapengo kama hayo. Kwa pawa saplai ya 100–240 iliyo nzima, volti 176 si tatizo, kwa hiyo angenunua dawa ya ugonjwa ambao hana tena.

Alinunua pawa saplai iliyotumika lakini nzima, niliyoipima mbele yake, na ekstensheni mpya ya nyaya nene. Jagi la chai limehamia soketi ya jikoni. Hela ya usafi na pesti ya siku ya kwanza niliikata kwenye bili. Alikataa, nikakataa kukataa kwake, mwisho akanifungashia ndizi mbivu, akasema "ndaga", asante kwa Kinyakyusa, huku akifunga lango.

Lile daftari amebaki nalo. Nilimwomba aandike wiki mbili zaidi, na aandike hata siku ambazo hakuna kilichotokea, maana siku tupu nazo ni ushahidi. Aliandika 14. Zote tupu, isipokuwa Alhamisi moja alipoandika kwamba umeme ulikatika mtaa mzima saa 2 usiku na kompyuta ilizima na haikujiwasha, "kama ulivyoiambia".

Pawa saplai ya zamani iko dukani, kwenye rafu ya chini, imefungwa gundi ya karatasi na kuandikwa MBOVU pande tatu. Kijana wangu wa dukani ameshaniuliza mara mbili kama tubadilishe zile kapasita tatu tuiuze. Inawezekana, kapasita zenyewe ni bei ya soda. Lakini lebo bado inasema wati 500, na siwezi kuichomoa lebo kwenye kichwa cha atakayeinunua.